Jembe Lililotoka Kwenye Kutu

Kabla ya reli kufika Port Florence, yaani Kisumu, Desemba 1901, mkulima wa Alego au wa Busoga aliyetaka jembe jipya alielekeza macho kwenye vilima vya Samia. Vilima hivyo viko jirani na Namboboto, katika kaunti ya Busia ya leo, na mawe yake yamejaa chuma. Wasamia walifua majembe wakayabadilisha kwa nafaka, mbuzi na ng'ombe. Jembe lilikuwa pia mahari: binti aliozwa kwa majembe kama alivyoozwa kwa mifugo.

Wanaosimulia biashara hiyo aghalabu huiruka kazi yenyewe, na kazi ndiyo yenye utamu. Jiwe la chuma ni ndugu wa kutu: chuma kilichoshikana na oksijeni. Mhunzi alianza kwa kuwaachanisha hao wawili. Mawe yalipondwa, yakatiwa pamoja na makaa ya miti migumu ndani ya tanuri la udongo, kisha mivukuto ikavukutwa saa baada ya saa, upepo ukipita katika vibomba vya udongo mpaka kwenye moto. Makaa yakiungua kwa hewa haba hutoa gesi ya kaboni monoksidi, nayo ndiyo hulipokonya jiwe oksijeni yake.

Chuma huyeyuka kwenye nyuzi 1538 za Selsiasi. Tanuri la namna hii hufanya kazi kwenye nyuzi 1200 hivi. Basi chuma hakikuyeyuka. Zilizoyeyuka ni takataka za jiwe, zikatiririka na kuganda kuwa mavi ya chuma, na nyuma yake likabaki tonge lenye matundu. Tonge likapashwa moto tena na kupigwa nyundo juu ya fuawe hadi mavi yaliyojificha ndani yakakamuka. Hapo ndipo jembe lilipopata ubora wake au uduni wake. Likipigwa kivivu, mavi husalia ndani kama mistari, na siku moja jembe hukatikia papo hapo. Kaboni ikizidi, chuma huwa kigumu lakini chepesi kuvunjika. Ikipungua mno, jembe hupinda kwenye changarawe.

Hata likiwa bora, oksijeni hurudi kudai chake. Kutu ya chuma hufura na kubanduka, ikaacha chuma kipya wazi kiliwe nacho. Ndiyo sababu kwenye matanuri ya kale huonekana zaidi mavi ya chuma na vipande vya vibomba kuliko majembe. Na jembe lililochakaa halikutupwa. Lilirudi kwa mhunzi likawa kisu.

Metali iitwayo zirkoniamu ni kinyume cha chuma. Nayo huidaka oksijeni upesi, ila tabaka linalotokea hung'ang'ania na kuulinda mwili wa ndani. Kwa hiyo aloi zake huvishwa fueli ya urani katika maji ya moto ya vinu vya nyuklia. Makaa hayaiwezi: huungana nayo badala ya kuikomboa. Ni katika miaka ya 1940 ndipo William Kroll, mzaliwa wa Luxembourg, alipoizalisha kwa wingi kwa kutumia magnesi. Mchanga wenye metali hiyo, zirkoni, ulisafirishwa kutoka Kwale, pwani ya Kenya, tangu 2014 hadi uchimbaji ulipokoma Desemba 2024, ukaondoka ukiwa mchanga. Msamia hakuuza mawe. Aliuza jembe.

Reli ilileta majembe ya viwandani, na kodi ya kibanda ikaleta haja ya sarafu. Kukata miti na kuchoma makaa kwa ajili ya tonge moja hakukulipa tena. Kuyeyusha mawe kulikufa kwanza. Kufua kukaendelea, sasa kwa vyuma chakavu na baadaye springi za magari, chuma ambacho mtu mwingine, mbali sana, alikuwa amekwisha kukiachanisha na oksijeni.