Mwaliko wa mtoto: nani anaalika, na wakati gani?

Siku hizi, huku Lubumbashi, tunapokea mialiko ya sherehe ambayo wakubwa wetu hawakuijua: bebi shawa, ni kusema mvua ya zawadi kwa mtoto. Mwaliko unafika kwa simu, mama akingali na mimba. Unaonyesha rangi ya nguo ya kuvaa, na mara nyingine kiasi cha pesa ya kutoa. Wengine wanafurahia, wengine wanasema ni mambo ya wazungu. Sisi tunaona ni vizuri kwanza kuuliza historia.

Zamani, vijijini, mimba haikutangazwa. Watoto wengi walikufa siku za kwanza, kwa hiyo wazee hawakupenda watu wahesabu nguo za mtoto ambaye hajalia bado. Habari ilitoka kisha kuzaa, tena kwa mdomo. Shangazi ao mama mkubwa alipita nyumba kwa nyumba, akianza na wazee: « Amezala, mukuye muone mutoto. » Mama mwenyewe hakualika mtu, na hakuna aliyetaja zawadi. Kila mmoja alileta alichokuwa nacho: kuku, unga, kuni.

Kisha ikaja kazi ya migodi. Union Minière ilianzishwa mwaka 1906, na mji wa Élisabethville mwaka 1910. Mwanzoni wafanyakazi wengi waliajiriwa kwa muda mfupi, halafu wakarudi kwao. Tangu miaka ya 1920 kampuni ilitaka wakae kambini pamoja na wake zao. Watoto wakazaliwa materniti, mbali na shangazi na nkambo waliobaki Kasai ao Lomami. Nani basi atapeleka habari? Ni jirani. Wamama wa makabila mbalimbali waliitana kwa Kiswahili, na jirani akachukua nafasi ya ndugu. Aliyekuja kuona mtoto alileta sabuni, makala ao kikwembe, kadiri ya uwezo wake.

Na Marekani, ambako bebi shawa imetoka? Sherehe hii ilienea kule hasa kisha vita ya 1940-1945, wakati watoto wengi walizaliwa. Lakini hata kule, adabu ya zamani ilikataza mama, dada yake ao mama yake mzazi kualika watu, sababu ingekuwa sawa na kuomba zawadi. Rafiki njo alialika. Hapo wazee wetu na wao wanapatana.

Kwa hiyo ubaya si ugeni wa sherehe. Ubaya ni mwaliko kugeuka kuwa karatasi ya kulipisha. Jirani asiye na pesa ya nguo ile anabaki kwake kwa haya, na mtoto akizaliwa anaogopa hata kuja kusalimia. Tena tunajua wamama waliozuiliwa materniti, mtoto mikononi, sababu deni haijalipwa, wakati pesa ya marafiki ilikwisha kwa mapambo.

Basi tunashauri hivi. Anayealika awe shangazi ao rafiki, si mama mwenyewe. Wazee waambiwe kwa mdomo, hata kama wako na simu. Kiasi cha pesa kisiandikwe. Na wenye kutaka kutoa mbele ya kuzaa, wamuwekee mama pesa ya materniti. Sherehe inaweza kungoja mtoto alie.