Imani ya Nikea haitaji tarehe

Mtu aliyekimbia vita hahitaji kufundishwa sana kwamba dunia inaweza kwisha. Sisi wa Kivu tumeona vijiji vikiisha. Ndiyo maana mahubiri ya siku za mwisho yanashika haraka humu kambini. Mvua ikichelewa, ni dalili. Posho ikipunguzwa, ni dalili. Ikiletwa mashine ya alama za vidole, wanasema hiyo ndiyo 666. Kwenye foleni nilimsikia mama mmoja akiambiwa asiweke kidole, atauza roho yake. Mama huyo ana watoto watano, na asipohakikiwa, posho hapati.

Basi tuulize historia: Wakristo wa kwanza walikubaliana nini juu ya mwisho?

Mwaka 325 maaskofu walikutana Nikea, mji ulioko Uturuki ya leo. Ugomvi wao mkubwa ulikuwa Yesu ni nani. Juu ya mwisho waliandika kidogo tu: kwamba atakuja kuwahukumu wazima na wafu. Imani inayohusishwa na mtaguso wa Konstantinopoli, mwaka 381, ikaongeza kwamba ufalme wake hauna mwisho, na kwamba tunangojea ufufuo na uzima ujao. Imeishia hapo. Mwaka haumo, namba haimo.

Tusidhani walikuwa watu wa raha. Athanasius wa Aleksandria, aliyeitetea imani ile kuliko wengi, alifukuzwa mjini kwake mara tano. Alikuwa mkimbizi kama sisi. Na Ufunuo hakuuogopa: barua yake ya Pasaka ya mwaka 367 ndiyo ya kwanza tunayoijua inayotaja vitabu 27 vya Agano Jipya kama tulivyo navyo, Ufunuo ukiwemo.

Mengi tunayoyasikia leo yalikuja nyuma sana. Mafundisho kwamba waumini watanyakuliwa kabla ya dhiki kuu yalienezwa na John Nelson Darby kuanzia miaka ya 1830, halafu Biblia yenye maelezo ya Scofield, ya mwaka 1909, ikayafikisha mbali. Mtu anaweza kuyaamini, sina ugomvi naye. Lakini asimwambie jirani yake kwamba asiyeyaamini si Mkristo.

Tarehe nazo zina historia yake. Marekani, wafuasi wa William Miller walimngoja Yesu tarehe 22 Oktoba 1844. Wengine waliacha mazao shambani bila kuvuna. Kesho yake jua lilichomoza kama kawaida.

Karibu na kwetu ilikuwa mbaya zaidi. Huko Kanungu, Uganda, kikundi kimoja kiliwaambia watu kwamba dunia itaisha pamoja na mwaka 1999. Watu walikuwa wameuza mali na kuwakabidhi viongozi. Tarehe ilipita. Tarehe 17 Machi 2000 mamia waliteketea ndani ya nyumba yao ya ibada, milango na madirisha yakiwa yamefungwa.

Hapa kuna jambo linalonisumbua. Wengi wa Kanungu walitoka Kanisa Katoliki. Imani hiyo walikuwa wameikiri Jumapili nyingi, na haikuwaokoa. Kwa hiyo kuikariri peke yake si dawa. Inasaidia pale mtu anapoishika kama kipimo, na kumuuliza mhubiri: hili unalonidai, Wakristo wote wamelikiri tangu zamani, ama ni lako wewe?

Ndugu zangu wa CEPAC na makanisa mengine ya Kipentekoste wataniambia: sisi hatusomi Imani za watu, Biblia inatosha. Sawa, twende kwenye Biblia. Mathayo 24:36 inasema siku ile hakuna aijuaye ila Baba. Hapo Biblia na Nikea ziko upande mmoja.

Na ninyi mnaofanya kazi kwenye mashirika, msimcheke mtu anayeogopa mashine. Kwetu majina yaliandikwa kwenye orodha, na orodha nyingine zilileta kifo. Elezeni alama za vidole zinawekwa wapi na nani anaziona. Mkinyamaza, mhubiri wa 666 ndiye atakayeeleza badala yenu.

Kwa wakimbizi wenzangu nasema hivi: kumngojea Bwana ni imani yetu, tusione haya. Lakini anayekuambia usiandikishwe, usipande mahindi, mtoto asiende shule kwa sababu mwisho ni mwezi ujao, huyo anakudai kitu ambacho hata maaskofu wa Nikea hawakumdai mtu. Mwambie akuonyeshe tarehe hiyo kaitoa wapi. Akishindwa, weka kidole, chukua posho, wape watoto chakula.