MYC: jeni inayoamuru seli zikue, na uvimbe wa taya kwa watoto

Kule Shari, Bunia, kama sehemu nyingi za Ituri, malaria ni ugonjwa wa kila siku. Kuna ugonjwa mwingine unaofuata njia yake: kansa ya Burkitt, yenye kuvimbisha taya ama tumbo la mtoto.

Ndani ya seli za kila mutu kuna jeni inaitwa MYC, kwenye kromosomu ya 8. Inatengeneza protini yenye kuamsha jeni zingine ili seli ikue na kugawanyika. Kwa kawaida inafanya kazi seli ikipata ishara, kisha inanyamaza. Katika Burkitt, kipande chenye MYC kinakatika na kushikamana, mara nyingi, na kromosomu ya 14, pale seli za kinga zinatengenezea silaha za mwili. Pale kazi hailali, basi MYC nayo hailali. Uvimbe unaweza kuongezeka mara mbili kwa siku moja ao mbili.

Denis Burkitt, munganga mpasuaji wa Mulago, Kampala, aliuandika mwaka 1958. Mwaka 1964 Epstein, Achong na Barr waliona kirusi ndani ya seli zake. Kirusi hicho pamoja na malaria ya kurudi-rudi vinaongeza hatari.

Siyo uchawi, na kansa yenyewe haiambukizi. Dawa zinaweza kuponya watoto wengi, ila siku ni chache. Taya likivimba ao meno yakilegea bila sababu, mutoto apelekwe hospitali mbio.