Ufa na Mshipa: Majina ya Mistari ya Nyuma ya Jicho

Msafiri atokaye Nairobi kwenda Nakuru huliona Bonde la Ufa kwa ghafula, pale barabara inapoanza kuteremka. Jina hilo la Kiswahili ni zuri kuliko wengi tunavyodhani, kwani neno "ufa" halitaji umbo tu, bali hutaja na asili ya bonde lenyewe. Mwaka 1891 Eduard Suess, akiwa Vienna na kutegemea taarifa za msafara wa Teleki na von Höhnel, alidai kwamba bonde hili limetokana na kupasuka kwa ardhi. J. W. Gregory alifika mwaka 1893, akaenda hadi Baringo, akaridhika kuwa ndivyo.

Miaka hiyo hiyo waganga wa macho nao walikuwa na mistari ya kuipa jina, lakini wao hawakubahatika. Kifaa cha Helmholtz cha mwaka 1851 kilikuwa kimewafungulia nyuma ya jicho. Mwaka 1889 Doyne wa Oxford alieleza mistari ya ajabu aliyoiona kwenye macho yaliyopata pigo. Mwaka 1892 Knapp akaiita kwa neno la asili ya Kigiriki lenye maana ya "mfano wa mishipa". Kosa lake laeleweka. Alama ya kwanza aitafutayo mtazamaji ni kile kisahani ambapo neva ya kuonea hutokea. Mishipa ya damu huanzia hapo, na mistari hii nayo hutawanyika kutoka kandokando yake. Hata hivyo, hupita chini ya mishipa ya retina, na kingo zake ni za meno meno. Mwaka 1917 Kofler aliihusisha na utando wa Bruch, na kabla ya miaka ya 1930 kwisha hadubini ilikuwa imethibitisha kwamba utando huo umepasuka. Ni nyufa. Jina la mishipa, hata hivyo, limebaki hadi leo.

Jambo hili si la vitabuni tu. Mwaka 2007 na 2008 watafiti waliwapima watu 4,414 wa Nakuru wenye umri wa miaka 50 na zaidi, wakapiga picha za nyuma ya jicho, nazo zikasomwa London. Walirudi mwaka 2013 na 2014, safari hii wakiwa pia na simu ya mkononi iliyofungiwa kifaa cha kupigia picha hizo. Miongoni mwa maradhi yaliyotafutwa ni uchakavu wa makula, ambao nao hugusa utando ule ule wa Bruch. Sasa, picha ikishasomwa, mwenye jicho ataambiwa nini, naye ni msemaji wa Kikuyu, Kikalenjin au Kiswahili?

Mwandishi huyu angependekeza "nyufa za utando wa jicho", wala si "mistari ya mfano wa mishipa". (Wenzetu walioteua "seli mundu" walifuata umbo, na hapo umbo halikuwadanganya, ajabu ni kwamba maradhi hayo ni mojawapo ya yale yanayoandamana na nyufa hizi.) Mgonjwa aambiwaye kuwa ana mshipa atauliza habari za damu. Aambiwaye kuwa ana ufa ataelewa mara moja kwa nini daktari anamwonya ajihadhari na pigo la jichoni, hata likiwa dogo.