Vijiwe vya Nyongo na Mama Mmoja wa Indianapolis



Bila shaka umewahi kumpasua kuku jikoni. Wajua tunavyokitoa kile kifuko cha kijani kilicho kando ya ini kwa uangalifu, kwa sababu kikipasuka nyama yote huwa chungu. Hiyo ndiyo nyongo. Nasi pia tunacho kifuko kama hicho, upande wa kulia chini ya mbavu. Ini hutengeneza nyongo na kifuko huihifadhi, kiasi cha vijiko viwili au vitatu vya mezani. Ukila chakula chenye mafuta, kifuko hujikamua na nyongo huingia kwenye utumbo kusaidia kuyasaga.

Nyongo ikizidi mafuta aina ya kolesteroli, au ikikaa mno bila kutoka, huanza kuganda ikawa vijiwe. Ugonjwa huu si wa leo. Vijiwe vimepatikana hata ndani ya maiti zilizokaushwa za Misri ya kale. Lakini kwa karne nyingi madaktari walivijua zaidi kwa kupasua maiti. Aliye hai alipewa dawa za kubahatisha na kuambiwa avumilie.

Mwaka wa 1867 huko Indianapolis, Marekani, mama mmoja aitwaye Mary Wiggins alikuwa na uvimbe tumboni uliozidi kukua. Tarehe 15 Juni daktari John Bobbs alimpasua akidhani uvimbe uko kwenye mfuko wa mayai ya uzazi. Kumbe sivyo! Alikuta kifuko cha nyongo kilichovimba, akakikata, na vijiwe vikamwagika. Alivitoa, akashona, na mama akapona. Daktari Bobbs alifariki mwaka wa 1870, lakini Mary Wiggins aliishi miaka mingi baada yake.

Tatizo moja lilibaki. Kifuko kikiachwa, vijiwe vinaweza kurudi. Huko Berlin, Ujerumani, daktari Carl Langenbuch alifikiri hivi: kifuko hakiondolewi kwa sababu kina vijiwe tu, bali kwa sababu ndicho kinachovitengeneza. Tena alijua kwamba farasi na ndovu hawana kifuko cha nyongo na wanaishi vizuri. (Hata punda wetu hana.) Tarehe 15 Julai 1882 alikitoa kifuko cha mwanamume wa miaka 43 aliyekuwa ameteseka kwa miaka 16. Kesho yake mgonjwa alikuwa akivuta biri, jambo ambalo wewe usiliige!

Kwa hivyo mama, ukiambiwa kifuko chako kitolewe, usidhani utabaki nusu mtu. Ini huendelea kutengeneza nyongo, ila sasa hutiririka moja kwa moja hadi kwenye utumbo. Na tangu daktari Erich Mühe wa Ujerumani alipoonyesha njia tarehe 12 Septemba 1985, operesheni hii hufanywa kwa matundu madogo na kamera. Wenzake walimbeza kwanza. Leo hata hospitali kubwa za hapa Kenya huifanya, na wengi hurudi nyumbani baada ya siku moja au mbili.

Mbona ugonjwa huu huwapata wanawake zaidi? Homoni za kike huongeza kolesteroli katika nyongo, na wakati wa ujauzito kifuko hulegea na kujikamua polepole. Unene huchangia, na vilevile kujinyima chakula ili kukonda haraka. Watoto nao hawajasalimika. Mtoto mwenye selimundu, ugonjwa unaoonekana sana Nyanza, Magharibi na Pwani, hupoteza seli nyekundu mapema, na rangi inayotoka humo hutengeneza vijiwe vyeusi. Macho yake yakizidi umanjano kuliko kawaida, au akilalamika tumbo la kulia, usiseme ni selimundu tu.

Watu wengi wana vijiwe na hawaumwi kamwe, na hao kwa kawaida hawahitaji kupasuliwa. Maumivu yakija, huja baada ya chakula, mara nyingi usiku, juu ya tumbo upande wa kulia au katikati, yakapanda hadi mgongoni au bega la kulia. Wamama wengi hunywa dawa za vidonda vya tumbo miaka nenda miaka rudi kwa maumivu haya. Yakiandamana na homa, au macho na ngozi kuwa manjano, au mkojo kuwa kama chai ya rangi, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Kipimo chake hakiumi. Ni ile picha ya mawimbi ya sauti wanayotumia kumwangalia mtoto tumboni. Ukipangiwa, waulize kliniki ni saa ngapi uache kula kabla yake, kwa maana ukila, kifuko hujikamua na daktari hakioni vizuri.