Mkonge, Gitaa na Kiswahili: Muziki wa Dansi katika Nchi ya Wazigua

Aghalabu historia ya muziki wa dansi nchini Tanzania husimuliwa kutokea Dar es Salaam. Hata hivyo, kati ya miaka ya 1950 na 1970 Tanga nayo ilitoa bendi zilizovuma Afrika Mashariki nzima. Ili kuelewa kwa nini bendi hizo ziliimba kwa Kiswahili, hapana budi kuitazama kwanza bara ya mkoa huo, yaani Handeni na Korogwe.

Majina ya mahali kama Kwedizinga na Kwediboma ni ushahidi kwamba lugha ya wenyeji ni Kizigua, ndugu wa karibu wa Kishambaa na Kibondei. Lakini mashamba ya mkonge yaliyotanda kandokando ya reli ya Tanga, Korogwe ikiwamo, yalihitaji nguvukazi kubwa kuliko iliyopatikana jirani. Tangu mwaka 1944 shirika la SILABU liliajiri vibarua kutoka mikoa ya mbali. Wanyamwezi, Waha na Wamakonde wakaishi kambi moja na kulipwa dirisha moja. Siku ya mshahara, lugha iliyowakutanisha wote katika dansi ilikuwa Kiswahili.

Mabadiliko hayo yamehifadhiwa katika jina moja. Bendi ya Tanga iliyoitwa Young Nyamwezi, yaani Vijana wa Kinyamwezi, ilijiita Jamhuri Jazz katika miaka ya 1960. Kabila lilipisha taifa. Neno "jazi" nalo lilipata maana mpya: halikuhusu muziki wa Wamarekani Weusi, bali rumba yenye asili ya Kuba na Kongo, iliyopigwa kwa magitaa ya umeme, kama walivyofanya pia Atomic Jazz.

Mwaka 1969 muziki wa soul ulipigwa marufuku jijini Dar es Salaam kwa kuwa ulihesabiwa wa kigeni. Gitaa la umeme, ambalo nalo lilitoka ugenini, halikuguswa. Yamkini lugha ndiyo iliyolipatia uraia.

Wakati huohuo bei ya mkonge ilikuwa imeporomoka, na mwaka 1967 mashamba mengi yalitaifishwa. Wanamuziki nao walihama. Ndugu Wilson na George Kinyonga, waliopitia Jamhuri Jazz, walielekea Arusha, kisha Mombasa, ambako mwaka 1971 walianzisha Simba Wanyika. Kiswahili cha Tanga kikapata wasikilizaji wapya nchini Kenya.

Ushindi huo ulikuwa na gharama. Redio ya taifa ilitangaza kwa Kiswahili na Kiingereza. Lugha za makabila hazikupewa nafasi. Nyimbo za ngoma za Kizigua zilibaki vinywani mwa wazee, na kila mzee anapofariki hazina hupungua. Kwa hiyo mtafiti wa Kiswahili anayekusanya santuri za Tanga ana wajibu wa pili: kufika Kwedizinga na kurekodi kile ambacho santuri hazikukibeba. Historia ya Kiswahili haikamiliki bila lugha zilizokipisha.