Ayub Ogada na Santuri ya Mwaka 1993

Santuri ya kwanza ya mwanamuziki wa Kenya, marhumu Ayub Ogada, En Mana Kuoyo, iliyotolewa mwaka 1993 na kampuni ya Real World ya Uingereza, ilipokelewa huko Ulaya kana kwamba ni sauti ya kijiji iliyookotwa ufukweni mwa ziwa na kupelekwa studio bila kuguswa na mkono wa mji. Na dhana hiyo, ijapokuwa yamkini ilisaidia biashara, ilimdhulumu mtungaji wake.

Sisi wa pwani ya kusini ya Ziwa Victoria tunayo haki ya kulisemea jambo hilo. Wajaluo, wenye nyatiti, ala ya nyuzi aliyoipiga Ogada, wako Kisumu, na wako pia Shirati na Rorya. Jirani zao Wakurya wa Mara hupiga litungu, ambalo ni ndugu wa nyatiti kwa nyuzi zake nane, na Wahaya wana enanga yao. Na katika zama za Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki, meli ya Victoria, iliyoanza kazi mwaka 1961, ilipokuwa ikizunguka baina ya Kisumu, Mwanza, Bukoba na Port Bell, abiria walivuka na nyimbo zao kama walivyovuka na mizigo yao. Kwa hivyo sikio la Mwanza halishangazwi na nyatiti, nalo huweza kuuliza mapema zaidi ni nani aliyeipiga, na alifikaje hapo.

Jina lake la kwanza lilikuwa Job Seda, naye alizaliwa Mombasa mwaka 1956. Katika miaka ya 1970 alikuwa Nairobi, kijana wa bendi ya Black Savage, ambayo ilipiga roki ya magitaa ya umeme. Na mwaka 1979 akawa miongoni mwa walioasisi bendi ya African Heritage, iliyochanganya ala za asili na zile za kisasa. Watazamaji wa sinema walimwona katika Out of Africa ya mwaka 1985, na mwaka uliofuata akasafiri kwenda Uingereza na nyatiti yake, akajiita Ayub Ogada, akawa anapiga muziki katika njia za treni za chini ya ardhi za London, mbele ya hadhira iliyokuwa ikikimbilia kazini.

Nyatiti si ala ya kusindikiza tu: mpigaji huketi kwenye kigoda, akazicharaza nyuzi kwa vidole, huku pete ya chuma iliyo kwenye kidole cha mguu ikigonga ukingo wa ala na njuga zikilia mguuni, hata mtu mmoja akatosha kuwa kundi zima. Mtu aliyelelewa na ngoma na besi za roki hakosi kuitambua kazi hiyo, na mimi naamini, nikisikiliza jinsi santuri ile ilivyoachiwa nafasi na ukimya, kwamba uchache wake wa vyombo ulikuwa uamuzi wa fundi aliyekwisha kujua wingi.

Hata mwenye kampuni, Peter Gabriel, alikuwa mwimbaji wa roki aliyetoka bendi ya Genesis, naye aliianzisha Real World mwaka 1989 pamoja na watu wa tamasha la WOMAD. Geoffrey Oryema wa Uganda alikuwa ametangulia hapo mwaka 1990 kwa santuri yake Exile, iliyosimamiwa na Brian Eno. Wenye maduka, walakini, waliwaweka Ogada na Oryema katika rafu ya muziki wa dunia, mbali na watungaji wenzao wa gitaa.

Ushahidi wa dhuluma hiyo uko ndani ya santuri yenyewe. Wimbo wa Kothbiro, ambao wengi waliujua kwa filamu The Constant Gardener ya mwaka 2005, wakaudhania kuwa wa jadi, ulikuwa umekwisha kuimbwa na Black Savage katika miaka ile ya 1970. Ogada alirejea Kenya mwaka 2007, akafariki Februari 2019 huko Nyahera, karibu na Kisumu. Lakini mwaka mmoja kabla, Kanye West wa Marekani alipochukua kipande cha Kothbiro, katika rekodi ile ya zamani ya Black Savage, akakitia katika wimbo wake Yikes, waliotajwa miongoni mwa watungaji walikuwa James Mbarack Achieng wa bendi hiyo na Ayub Ogada.